Wapangaji katika Damu ya Bwanamkuu

Siyu nzima ilijua mambo mawili kuhusu Bwanamkuu: kwamba makubadhi yake hayakatiki ukanda, na kwamba malaria haimwezi. La kwanza lilikuwa kweli.

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkavu, mwenye ndevu alizozitunza kuliko alivyotunza paa la nyumba yake. Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa ubavuni mwa nyumba hiyo, na hapo alikaa mchana kutwa na kibao mapajani na msharasi mkononi, akitoboa ngozi, akishona, akisimulia. Mteja aliyekuja kupimwa mguu alipimwa kwanza subira. Hadithi ilikuwa moja. Ule mwaka wa mvua kubwa, maji yaliposimama mashambani na vichochoroni mpaka vyura wakahamia jikoni, homa iliuangusha mtaa mzima, akabaki wima Bwanamkuu peke yake. Aliwachotea jirani maji, akawapikia uji ambao waliopona waliukumbuka kwa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe, akawapakia wazee kwenye punda na kuwapeleka zahanatini. Hayo yote yalitokea, na yalikuwa mema. Bahati mbaya ni kwamba Bwanamkuu hakuridhika kuwa mtu mwema. Watu wema wako kila mtaa. Alitaka kujua kwa nini homa ilimruka yeye, na kwa kuwa hakuna aliyempa jibu, alijipa mwenyewe.

"Mbu waniogopa," alisema. "Alhamdulillahi. Si kwa ujanja wangu."

Alhamdulillahi hiyo ilikuwa na kazi yake. Aliifunga mwishoni mwa kila majisifu kama fundo mwishoni mwa uzi, na majisifu yakakaa pale pale, hayachomoki, wala hakuna aliyethubutu kuyavuta.

Aliyelifanya neno hilo kuwa desturi ni Bi Mwanamkisi, mkunga aliyewapokea duniani nusu ya watoto wa Siyu na kuwakemea wote. Yeye alisema mtu anayeogopwa na mbu ni hasara kumwacha akae kwake. Basi kila mwanamke alipojifungua na kuingia arubaini yake, Bwanamkuu aliitwa aje akae kwenye daka la nyumba hiyo, yale mabaraza ya mawe pembeni mwa mlango, kuanzia baada ya maghribi mpaka watu walipoanza kupiga miayo. Alikaa kifua wazi, kikoi kiunoni, ili mbu wamtambue vizuri. Aliletewa kahawa, na halwa, na mkate wa mofa wa moto. Mbu, ambao hawakuwa wameambiwa kwamba wanamwogopa, walimuuma kama walivyomuuma mtu mwingine yeyote. Lakini yeye hakuwa na tabia ya kujikuna, na Siyu ikaamua kwamba asiyejikuna hakuumwa.

Hesabu yake haikuwa na njia ya kwenda vibaya. Mtoto asipopata homa, ni kwa sababu Bwanamkuu alikaa dakani. Mtoto akipata homa, watu walitikisa vichwa na kusema, "Na huku Bwanamkuu alikuwapo! Asingalikuwapo je?"

Mmoja tu hakufurahishwa, Sadiq, mwenye duka la pembeni, ambaye dawa zake za mbu za kuchoma zilikuwa zinaota vumbi rafuni.

"Bwanamkuu," alimwambia jioni moja akipita, "yuko mbu mgongoni mwako."

"Amepotea ndia."

"Amepotea, na huku anakunywa?"

"Aonja tu. Akisha kuonja atakwenda kuwapa wenziwe habari."

Watu wa dakani wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia, na Sadiq akaenda zake dukani kupangusa vumbi.

Mambo yalikuwa hivyo watafiti walipokuja. Waliingia kwa mashua mkondoni wakati maji yamejaa, kisha wakaifuata njia ya miguu mpaka mjini wakiwa na masanduku yao, wamevaa fulana za rangi moja. Kiongozi wao alikuwa Daktari Nerea, mwanamke kijana wa bara, mpole, aliyeamini kwamba watu wakielezwa jambo vizuri watalielewa, na wakilielewa watalifanya. Aliitisha mkutano shuleni. Kulikuwa na soda na biskuti. Alieleza kwamba wanataka kujua jinsi seli za mwili zinavyotumia chakula chake, na jinsi molekuli ndogo ndogo zinazotokana na kazi hiyo zinavyoisaidia au kuizuia kinga ya mwili inapopambana na malaria. Watu walisikiliza kwa heshima mpaka soda ilipokwisha.

"Tunaomba mtaa wote upimwe," Nerea alisema. "Wanaoumwa na wasioumwa. Hasa wale wanaosema hawaugui kabisa."

Vidole vyote vya ukumbi vilimwelekea mtu mmoja. Bwanamkuu aliinuka taratibu, akakung'uta makombo ya biskuti kwenye ndevu, akasema, "Alhamdulillahi."

Wengine walichukua biskuti za njiani na kwenda nyumbani. Kwa nini wapimwe, na Bwanamkuu yuko?

Asubuhi ya pili Nerea na mwenzake Hesbon, mchukua damu, walifika nyumbani kwake. Alikuwa ameagizwa asile kitu tangu usiku, kwa sababu chakula huchafua hesabu za molekuli. Mkewe, Bi Kulthum, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mtu atolewa damu na tumbo tupu? Huko kwenu bara ndivyo mnavyofanyiana?"

"Ni kwa muda mfupi tu, mama," alisema Hesbon. "Akimaliza, mpe hata ng'ombe mzima."

Nerea akamuuliza Bwanamkuu kama aliwahi kuugua malaria, hata utotoni.

"Kamwe."

"Wewe!" Kulthum, ambaye alikuwa binamu yake na alilelewa naye nyumba moja kabla ya kuolewa naye, aliachia kicheko. "Daktari, andika. Huyu hakuna homa iliyompita. Kila mvua alikuwa chali. Mara moja alishikwa na degedege, mamake akammwagia mayi ya baridi na kumsomea mpaka sauti ikamkauka. Tulishampa buriani."

"Hiyo haikuwa malaria," alisema Bwanamkuu. "Ilikuwa homa tu."

Nerea hakucheka. Aliinamia kishikwambi chake akaandika kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyostahili.

Kisha Hesbon akachukua damu. Molekuli zile hazingoji mtu; zikitoka mwilini huendelea kubadilika, kwa hivyo ni lazima zigandishwe papo hapo. Hesbon alifungua mtungi wa baridi kali, na moshi mweupe ukafurika nje, ukateremka ukingoni na kutambaa sakafuni. Akatumbukiza kichupa cha Bwanamkuu. Moshi ukazidi. Dirishani kulikuwa na vichwa vya jirani vimepangana kama mitungi.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika upande wa pili wa mji: damu ya Bwanamkuu imetoka moshi. Vichupa vya watu wachache wengine waliopimwa siku hiyo vilitumbukizwa mle mle na kutoa moshi ule ule, lakini hilo hakuna aliyelibeba.

Wiki zilizofuata Bwanamkuu alishona kidogo na kusimulia sana. Neno molekuli alilipenda mno. Alilitamka polepole, kama mtu anayeionja halwa ya harusi.

"Nna molekuli," alimwambia Sadiq. "Wamezipeleka kwenye mashini."

"Basi tuuzie."

"Haziuzwi. Ni tunu."

"Mimi pia nina tunu. Nina watoto sita na deni la unga." Sadiq akapiga chafya kwa vumbi la dawa zake.

Wakati huo Zamzam, binti pekee wa Bwanamkuu, alikuwa amerudi kutoka Amu, yaani Lamu, kwa mumewe, aje ajifungue kwa mamake kama ilivyo kawaida ya uzazi wa kwanza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa maneno machache yanayofika. Alikuja na chandarua chake ndani ya begi, akakitundika mwenyewe na tumbo lake hilo, amesimama juu ya kiti.

"Chandarua cha nini, na mimi babako nipo?" aliuliza Bwanamkuu.

"Wewe utakaa nje, baba. Chandarua kitakaa ndani. Hamtagombana."

Alicheka, akamwacha. Mjukuu huyu Bwanamkuu alikuwa amemngoja kwa miaka mingi. Alikuwa amekwisha kumshonea makubadhi ya ngozi laini, madogo kama maganda ya kunde, na aliyatoa na kuyatazama mara nyingi pale alipodhani hakuna anayemwona. Siku mtoto atakapozaliwa, yeye ndiye angemsomea adhana sikioni. Na jioni hiyo angekaa kwenye daka lake mwenyewe, kifua wazi, amlinde.

Nerea alirudi peke yake, tumbo la Zamzam likiwa limekwisha kushuka. Alimkuta Bwanamkuu kibandani, akaomba wazungumze faragha. Bwanamkuu aliwafukuza wateja kwa furaha, akakaa sawa, tayari kupokea sifa.

"Bwana Bwanamkuu, molekuli zako ni za ajabu kweli."

"Alhamdulillahi."

"Lakini damu yako ina vimelea vya malaria."

Msharasi ulisimama katikati ya ngozi. "Vimekufa?"

"Viko hai. Si vingi, ila vipo, na inaonekana vimekuwapo siku nyingi."

"Vyafanya nini humo?"

"Vinaishi."

Bwanamkuu alitazama mkono wake, ndani ya kiwiko, mahali sindano ilipoingia, kama mtu anayetazama mlango uliokuwa haukufungwa.

Nerea alimweleza kwa mfano. Kila seli ya mwili ina jiko lake, linachoma sukari na mafuta lipate nguvu. Seli za kinga ndizo askari. Askari wakikutana na kimelea kwa mara za mwanzo, huwasha moto mkubwa kwa ghafla, hula sukari kwa pupa, hurusha kemikali za vita kila upande. Homa, mtetemeko, maumivu ya viungo, sehemu kubwa ya hayo ni askari wako mwenyewe wanaopigana ndani ya nyumba yako.

"Sasa katika jiko hilo hilo hutoka molekuli nyingine," aliendelea. "Baadhi yake huwaambia askari wapunguze moto. Wewe unazo nyingi. Askari wako walipigana utotoni mwako mwote, wakajifunza. Siku hizi wanavibana vimelea visizidi, lakini hawawashi moto. Tunadhani ndiyo sababu hupati homa."

"Tumepatana navyo."

"Tuseme ni wapangaji."

"Wapangaji wasiolipa?"

"Hawalipi, na wanazaa. Na mbu ndiye anayewahamisha. Mbu akikuuma wewe, anaondoka nao. Zikipita siku kadhaa wakikua ndani yake, anamuuma mtu mwingine na kuwaacha huko. Mtoto mchanga. Mwanamke mjamzito. Hao hawana askari waliojifunza kama wako."

Bwanamkuu alianza kupita moyoni madaka yote ya mtaa, moja baada ya jingine, mlango kwa mlango, na nyuma ya kila mlango alikumbuka mzazi na mtoto wake. Alifika kwenye mlango mmoja ambao mtoto alitetemeka kwa homa siku tatu akapona kwa shida, na watu wakasema, asingalikuwapo je. Hapo akaacha kupita.

"Yule mtoto…" alianza.

"Siwezi kusema ni wewe," Nerea alisema upesi. "Hakuna anayeweza. Wenye vimelea bila homa wako wengi hapa, nina hakika. Ndiyo maana nataka kupima kila mtu. Hawaji." Akamwekea pakiti ya vidonge juu ya kibao. "Hizi ni dawa. Asubuhi na jioni kwa siku tatu, na chakula chenye mafuta. Kuna kidonge kimoja zaidi, cha kuwamaliza wale wanaosafiri na mbu."

Bwanamkuu hakuigusa pakiti. "Na molekuli zangu?"

Nerea alisita. Kusema uongo kungemsaidia, lakini hakuwa na kipaji hicho. "Huenda zikapungua. Askari asiyeona adui kwa muda mrefu husahau. Inawezekana siku moja ukaugua malaria kama watu wengine."

"Kama Sadiq?"

"Kama Sadiq." Kisha, akitazama pembeni, akaongeza, "Mkubwa wangu angependa ungoje kidogo, tuchukue damu mara mbili tatu zaidi. Anasema mtu kama wewe haokotwi. Mimi nakwambia umeze leo."

Hakumeza siku hiyo. Aliitia pakiti ndani ya kubadhi ambalo halijamalizika, akarundika ngozi juu yake. Siku nyingine hakumeza pia. Alijiambia anangoja chakula chenye mafuta, na Kulthum alipopika samaki wa nazi akajiambia nazi ile ilikuwa nyepesi. Ukweli ni kwamba alikuwa akijaribu kumwona Bwanamkuu asiye na molekuli, na kila alipojaribu alimwona mshona viatu.

Zamzam alijifungua mtoto wa kike alasiri moja, salama. Bwanamkuu alimsomea adhana mjukuu akiwa mikononi mwa Bi Mwanamkisi, kwa sauti iliyokatika mara mbili, wala hakumshika. Alisema mikono yake inanuka ngozi. Maghribi ikaingia. Kahawa ilikuwa tayari, halwa imekwisha kukatwa, na watu wa mtaa wamejaa dakani kuona anavyomlinda wa kwake. Alitoka amevaa kanzu mpaka kifundoni, soksi, na shuka mabegani.

"Una baridi?" aliuliza Sadiq.

"Heshima ya mgeni," alisema Bwanamkuu.

Bi Mwanamkisi alichungulia kutoka ndani. "Vua wewe! Mbu watakuyuaye na yote hayo? Au kwa watoto wa watu ulikuwa uchi, wa kwako wamfanyia majivuno?"

Watu wakacheka. Bwanamkuu akavua. Mazoea ni kitu kizito, na watu wengi waliotoa macho kukutazama ni wazito zaidi.

Akakaa. Haukupita muda, mbu akatua juu ya mkono wake. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kukaa madakani, alimtazama. Alikuwa mdogo, ameinua makalio juu, ameinamisha kichwa kama mtu anayesujudu. Alikunywa bila haraka, mgeni wa zamani. Tumbo likawa jekundu. Akajing'oa, akaruka kwa uzito, akazunguka taa mara moja, kisha akaingia mlangoni, ndani, kule ambako mtoto alikuwa ameanza kulia.

Nerea alikuwa amemwambia kwamba mbu huhitaji siku kadhaa kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Bwanamkuu hakukumbuka neno hata moja. Alivua kubadhi, akaruka juu ya birika la kahawa na kuingia ndani mbio, akipiga hewa, akipiga kuta, akipiga pazia, akivuka ukumbi wa wanawake bila hodi, mpaka akasimama chumbani kwa mzazi, kifua wazi, kubadhi juu, anahema.

Wanawake walijitupia shuka vichwani. Zamzam, ndani ya chandarua na mwanawe kifuani, alimtazama.

"Baba, unafanya nini?"

"Namtafuta mbu."

"Mbu wanaokuogopa?"

Ndipo yalipomtoka yote, mbele ya Bi Mwanamkisi, mbele ya mkewe, mbele ya mashangazi: vimelea, wapangaji, jiko la seli, pakiti iliyo ndani ya kubadhi. Zamzam aliishika ncha ya chandarua akaisukumia vizuri chini ya godoro.

"Tangu lini una hizo dawa?"

"Siku chache."

"Na mimi nikiwa na tumbo, chini ya paa moja nawe." Hakupaza sauti. "Huyu hutamshika mpaka umeze zote, ziishe. Toka, baba. Nifungie mlango."

Bwanamkuu alitoka, akaufunga.

Alidhani asubuhi angeamka akiwa mtu wa kuchekwa, na sehemu kubwa ya usiku alijitayarisha kwa kicheko hicho. Hakujua ni nini hasa Bi Mwanamkisi alikuwa amekisikia. Alipofungua mlango baada ya alfajiri, kichochoro kilikuwa kimejaa. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alimshika mkono akaubusu.

"Twalikuwa hatuyui," alisema Bi Mwanamkisi, na macho yake, ambayo hayajawahi kumlilia mtu, yalikuwa na maji. "Miaka yote hii, kumbe malaria ya nti hii umeifunga ndani ya mwili wako. Twadhani wawafukuza mbu, kumbe wawanyang'anya!"

"Sivyo, Bi Mwanamkisi. Mimi ndiye ninayewapa."

"Unyenyekevu wako waeleweka."

"Daktari mwenyewe amesema! Vimo ndani yangu, na vyatoka."

"Vimo ndani yako," alisema akiwageukia watu. "Mwasikia? Yeye mwenyewe akiri. Sasa bwana, twasikia una dawa ya kuviondosha. Twakuomba kwa Mola wako: usimeze. Ukimeza, vyote hivyo vitakwenda wapi?"

Swali hilo lilipita kichochoroni kama upepo chini ya mlango. Watu wakasogea karibu. Vitakwenda wapi? Malaria ya miaka yote, ya mtaa mzima, ikitolewa kwa siku moja?

"Vitakufa," alisema Bwanamkuu.

"Vingapi vitakufa? Ukimfukuza mpangaji, afa? Ahamia kwa jirani!"

Walimwahidi mambo ambayo maishani mwake hakuwahi kuyaota. Wangemjengea paa. Wangemletea chakula asubuhi na jioni, ila akae hivyo hivyo, na vimelea vyake ndani yake. Mmoja alisema angeitwa mlinzi wa Siyu, na mwingine akapendekeza apewe kiti mbele kwenye maulidi. Bwanamkuu alisimama katikati yao na uso ukamng'aa licha ya nafsi yake. Kila mtu alitaka vimelea vyake viachwe salama: mtaa kwa usalama wake, mkubwa wa Nerea kwa utafiti wake, na yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, kwa jina lake.

"Mnywesheni!" ilipaa sauti ya Sadiq kutoka nyuma. Alikuwa ameshaanza kufikiria rafu zake. "Mtu na dawa yake, mwamzuia kwa nini?"

"Nyamaza, mfanyabiashara!"

Ndani ya nyumba, mtoto akalia. Kilikuwa kilio kidogo kikavu, kama wembe ukipita kwenye ngozi mbichi. Bwanamkuu aligeuka. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na Zamzam hakumwita wala hakumsihi. Kulthum tu ndiye aliyetokea, amebeba sahani ya wali wa nazi uliozama kwenye samli na bilauri ya maziwa, akaviweka juu ya daka, na kando yake akaiweka pakiti.

"Nimeitafuta kibandani," alisema. "Una kubadhi moja la mguu wa kushoto lililojaa ujinga."

Bwanamkuu alikaa. Alikula wali mbele ya mtaa mzima, tonge kwa tonge, na hakuna aliyepumua. Alivunja pakiti, akavitia vidonge mdomoni. Bi Mwanamkisi alitoa sauti kama mtu anayeona mtumbwi ukipinduka. Akanywa maziwa. Akameza.

Umati ulirudi nyuma hatua moja, pamoja, ukimtazama masikioni na puani uone vimelea vinatokea wapi. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe kwa kanga. Kisha mtu akapiga mbio, na walipomwona mmoja anakimbia, wote wakakumbuka wana pa kwenda.

Pa kwenda palikuwa zahanatini. Nerea alikuwa amekaa kwenye meza yake chini ya bango la utafiti, meza ambayo kwa wiki nyingi ilikuwa imepata wageni wachache na kuku, alipoona njia imejaa watu. Walikuja wazee, walikuja vijana, zilikuja nyumba nzima zikiburura nyanya zao. Walisukumana. Waligombana nani ametangulia. Hesbon alimaliza glavu kabla ya adhuhuri akalazimika kuagiza nyingine Amu.

"Nini kimewaleta?" Nerea aliuliza kila mtu, kwa furaha, akidhani ni maelezo yake ya shuleni yaliyokuwa yameiva.

"Tupime tu, daktari," walimjibu. "Tupime upesi."

Wengi walipatikana na vimelea, kama Nerea alivyotarajia. Watu wazima wasio na homa, waliovibeba miaka bila kujua. Alitoka kuwaeleza kwamba hali hiyo si ya leo. Hakuna aliyemsikiliza. Mbona jambo lilikuwa wazi? Bwanamkuu alimeza asubuhi, na kufikia alasiri malaria imeshatapakaa mji mzima. Walizichukua dawa zao na kuzimeza bila kukosa hata moja, wakimlaani kila baada ya funda la maziwa. Vyandarua vilivyokuwa vikifunika mboga vilirudishwa vitandani. Dukani kwa Sadiq rafu zilibaki tupu, na Sadiq akaanza kumsalimia Bwanamkuu kwa unyenyekevu wa ajabu.

Yeye peke yake ndiye aliyemsalimia. Wapitanjia walivuka upande wa pili. Mzee aliyembusu mkono alipeleka makubadhi yake kushonwa kwa mtu mwingine, ambaye hajui kushona. Hakuna aliyemwita tena dakani kwake, na Bi Mwanamkisi aliwaambia wazazi wote watarajiwa kwamba mtu aliyeshindwa kutunza amana ya mji hapaswi kuaminiwa hata na kuku.

Bwanamkuu aliendelea kumeza, asubuhi na jioni, na samli, na kile kidonge kimoja cha zaidi. Hakusikia chochote kikitoka. Siku ya mwisho alikoga, akavaa kanzu safi, akaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba na pakiti tupu mkononi, kama mwanafunzi anayepeleka kazi yake.

"Zamzam. Nimezimaliza."

Mlango ulifunguliwa kidogo. Zamzam aliichukua pakiti akaitazama ndani, akaigeuza, akaitikisa. Kisha akafungua mlango wote.

"Vua viatu. Nawa mikono. Usimpulizie usoni."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, ndani ya chandarua, magoti yamebana kwa woga, na akawekewa mjukuu wake mapajani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na moto kidogo, joto la kawaida la mtoto aliyelala. Bwanamkuu alimgusa paji la uso kwa mgongo wa kidole, akaangalia, akagusa tena.

"Hana homa, baba," alisema Zamzam.

"Naona."

Nje dirishani walipita wanawake wawili, na mmoja akasema kwa sauti ya kusudi, "Hapa ndipo ilipotokea." Bwanamkuu alifungua mdomo kumjibu. Mtoto akajinyoosha, akakunja uso, akamkojolea kanzu safi. Akaufunga mdomo, akampangusa kwa pindo lake, na akaomba aletewe nepi.